Mkufunzi anakuja kunikagua, nimeshauriwa watoto wawili wabaki nyumbani

Shikamoo Mwalimu,

Nina miaka 21, nasoma mwaka wa pili wa stashahada ya ualimu wa elimu ya awali katika chuo kimoja cha Kanda ya Ziwa. Sasa hivi niko BTP, yaani mazoezi ya kufundisha, kwenye shule ya msingi pembezoni mwa mji, na nimepewa darasa la awali. Daftari la mahudhurio lina majina 118. Wanaofika kwa siku ni tisini na kitu. Chumba ni kimoja, bati halina dari, madawati hayatoshi, kwa hiyo nusu ya watoto wanakaa kwenye mikeka. Mwalimu wa darasa ni mama mtu mzima aliyefundisha miaka mingi. Amenipokea vizuri na ninamheshimu, ndiyo maana jambo hili linanipa shida.

Darasani kuna watoto wawili ambao sijui niwafanyeje. Wa kwanza nitamwita Amani, si jina lake. Ana miaka mitano. Ukimwita haitiki wala hageuki. Asubuhi akifika anazunguka akipapasa ukuta, kisha anakwenda kwenye boksi la vizibo vya soda na kuvipanga mstari mrefu, vyekundu peke yake, vya njano peke yake. Mwenzake akigusa kimoja anapiga mayowe. Tukianza kuimba anaziba masikio. Wakimvuta mkono ili asimame mstarini, anauma. Maneno yake ni machache, na mara nyingi anarudia tangazo la redio, sauti ile ile kama mtangazaji.

Wa pili nimwite Neema. Ni mpole, hasumbui mtu. Nikisema simameni, yeye husimama baada ya kuona wenzake wamesimama. Akiongea anaongea kwa sauti kubwa. Sikio lake la kushoto linatoa usaha na wenzake hawapendi kukaa naye kwa ajili ya harufu. Mwalimu wa darasa aliniambia kwamba huyu ni mzito tu, nisipoteze muda.

Mkufunzi alipokuja kunikagua mara ya kwanza, nilianza somo kwa wimbo. Amani akatoka mbio nje, nikamfuata, nyuma yangu darasa likavurugika. Kwenye usimamizi wa darasa nikapata alama za chini kabisa. Atarudi wiki mbili zijazo. Mwalimu wa darasa, kwa nia njema naamini, ameniambia, "Siku hiyo nitawaambia mama zao wasiwalete. Ni siku moja tu, mwanangu, upate alama zako." Wenzangu walioko shule nyingine wanasema wao walishafanya hivyo na hakuna aliyegundua.

Chuoni tulisoma moduli ya elimu maalumu. Mtihani nilifaulu vizuri sana. Naweza kukutajia aina za ulemavu, visababishi na viashiria vyake bila kuangalia daftari. Lakini hakuna aliyenifundisha nifanye nini saa mbili asubuhi mtoto anapomuuma mwenzake na wengine tisini wananiangalia. Najiona sikuandaliwa. Nimeanza kufikiria kuacha nikaombe nafasi chuo cha Patandi, Tengeru, nisomee elimu maalumu moja kwa moja. Shangazi anayenilipia ada anasema niachane na mambo ya vidudu kabisa, nikasome ualimu wa sekondari wenye heshima.

Naomba unishauri: nikubali watoto wasije? Niwafundisheje wale wawili? Na je, nibaki chuo hiki au niondoke?

Mwanachuo, Kanda ya Ziwa

JIBU

Marahaba, binti yangu.

Watoto waje. Nimeanza na jibu kwa sababu muda ulio nao ni mfupi na hili halihitaji mzunguko.

Fikiria upande wa yule mama anayeambiwa mwanawe asije kwa sababu kuna mgeni. Huenda ilimchukua mwaka mzima kupata ujasiri wa kumpeleka Amani shule. Majirani wamemwambia mtoto karogwa, ndugu wa mume wamemwambia ni laana ya upande wake. Siku ambayo mwalimu naye atasema "leo asije", atasikia kitu kimoja tu: hata shuleni wanamwonea haya. Ukisema siku moja, yeye hatahesabu siku moja. Watoto wengi wa aina hii wanaopotea kwenye daftari la mahudhurio hawafukuzwi na mtu, wanarudishwa nyumbani kwa maneno ya upole kama hayo. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto haki ya kusoma shule kama wenzake, na haki hiyo haisimami siku ya ukaguzi.

Halafu kuna wewe. Ukipata alama za juu kwa darasa lililochujwa, utakuwa umepewa cheti cha kufundisha darasa ambalo halipo popote nchini. Utakakopangiwa, Amani atakuwepo. Atakuwa na jina lingine na sura nyingine, lakini atakuwepo.

Sasa, utamwambiaje mwalimu wako? Usimhukumu. Kiwango kilichowekwa kwa darasa la awali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Kwa majina 118 walitakiwa walimu karibu watano, yeye yuko peke yake, na tangu ada ifutwe mwaka 2016 watoto wamefurika kuliko vyumba na walimu. Mtu aliyebeba mzigo huo miaka yote anajifunza kuwaacha pembeni wale wasiokwenda na wengine, kwa sababu hana mikono mingine. Mfuate wakati wa mapumziko, mkiwa wawili tu. Mwambie, "Mwalimu, nashukuru unavyonijali. Naomba watoto wote waje, na naomba unisaidie siku hiyo, maana bila wewe sitaweza." Mpe kazi ya kufanya, nitakueleza ipi. Mwalimu wa umri wake akiombwa msaada na kijana anayemheshimu, mara nyingi hukubali.

Tuje kwa watoto, na nianze na Neema, ingawa wewe umemwandika kwa mistari michache kwa kuwa hasumbui. Mtoto asiyesumbua ndiye anayepotea haraka zaidi darasani. Soma tena ulichoniandikia: anasimama baada ya kuona wenzake, anaongea kwa sauti kubwa, sikio linatoa usaha. Huo si uzito. Mtoto anayetazama darasa zima ili ajue mwalimu amesema nini ana akili inayofanya kazi mara mbili. Kuna uwezekano mkubwa hasikii vizuri, na sababu inachuruzika mbele ya macho yenu.

Usaha sikioni ni dalili ya maambukizi, mara nyingi ya sikio la kati, na ngoma ya sikio huwa imetoboka. Likiachwa miezi na miezi, usikivu unaliwa taratibu. Ni ugonjwa unaotibika, tena mara nyingi kwa usafi wa sikio na dawa ya matone inayotolewa na mhudumu wa afya. Zungumza na mama yake kwa faragha, umwombe ampeleke kituo cha afya, na kama pale hawawezi waombe rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo. Mwambie asitie mafuta, maziwa wala maji ya majani. Na kwa kuwa mko karibu na ziwa, Neema asiogelee wala kupiga mbizi mpaka sikio lipone.

Wakati matibabu yanaendelea, mkalishe mbele, sikio la kulia likielekea kwako. Usisimame ukiwa umelipa dirisha mgongo, kwa maana uso wako unakuwa kivuli na yeye anausoma uso wako. Mguse bega kabla ya kusema. Onyesha kitu chenyewe unapotaja jina lake. Na jambo moja la kupima mwenyewe: simama nyuma yake anapocheza, asikuone wala asione kivuli chako, umwite kwa sauti ya kawaida. Rudia siku nyingine, upande wa kulia, upande wa kushoto, uandike. Hicho si kipimo cha hospitali, lakini karatasi yenye maelezo ya namna hiyo inamsaidia sana daktari.

Ikija kuthibitika kwamba usikivu umepungua na hautarudi, hapo ndipo mazungumzo ya Lugha ya Alama yanapoanza. CHAVITA, chama cha viziwi, kina matawi mikoani na watakuelekeza. Zipo pia shule za wasiosikia kama Buguruni Viziwi ya Dar es Salaam na ile ya Tabora. Lakini usiruke hatua. Kwanza sikio litibiwe.

Amani ni habari ndefu zaidi.

La kwanza, usimpe jina la ugonjwa. Najua unachofikiria, viashiria ulivyokariri vinakuambia usonji, na inawezekana ndivyo. Lakini kuthibitisha ni kazi ya wataalamu, na wewe ukilitamka darasani leo, kesho watoto wote watamwita hivyo, keshokutwa mama yake atalisikia sokoni. Kinachokuhusu wewe ni kumjua. Chukua daftari dogo, kila akipata shida andika mambo matatu: nini kilitokea kabla, yeye alifanya nini, na nini kilifuata. Fanya hivyo wiki hii yote. Utaona mpangilio, na kwa namna ulivyoandika barua hii naamini umeanza kuuona. Anauma akivutwa mkono. Anapiga mayowe mstari wake ukivurugwa. Anakimbia mkiimba.

Hebu tuitazame siku ile ya ukaguzi. Watoto zaidi ya tisini, wanaimba kwa nguvu zao zote, chini ya bati lisilo na dari. Wewe mwenyewe ulivumilia kwa kuwa umezoea. Kwa baadhi ya watoto sauti ya namna hiyo inauma kabisa. Amani hakulikimbia somo lako, alikikimbia kishindo. Alikuwa ameshakueleza kila siku kwa kuziba masikio.

Na vile vizibo! Binti yangu, fungua mtaala wako. Kupanga vitu kwa kufuata rangi, kutenganisha, kulinganisha, kutengeneza mfuatano: hayo ndiyo mnayotakiwa kufundisha kwenye dhana za kihisabati. Huyu mtoto anafika asubuhi na kufanya zoezi la hisabati kabla hujaita mahudhurio, na darasa zima linamwona mtundu. Somo lako la ukaguzi umeshapewa na yeye.

Nitakueleza ningelifanyaje, wewe ulirekebishe kwa hali ya hapo.

Kuanzia kesho waambie watoto walete vizibo, mbegu, vijiti na mawe madogo. Baada ya wiki mtakuwa na maboksi. Siku ya somo, mwombe mwalimu wa darasa achukue nusu ya watoto nje chini ya mti kwa michezo na hadithi, wewe ubaki na nusu ndani, kisha mbadilishane. Hiyo ndiyo kazi niliyosema umpe. Hapo hamfichi mtu, watoto wote wapo na wote wanafundishwa. Mmetumia tu ukweli kwamba wakati wa BTP darasa lina watu wazima wawili, bahati ambayo mwalimu yule hana miezi mingine. Amani na Neema wawe kwenye kundi lako la kwanza, ambalo mkufunzi ataliona.

Anza na wimbo wa kunong'ona. Watoto wadogo wanaupenda kwa kuwa unafanana na siri, na utaona kelele zinashuka zenyewe. Mikono ipige mapajani badala ya makofi. Kisha wagawe makundi ya watoto wanane au tisa, kila kundi na mkeka wake na lundo lake la vitu mchanganyiko, na maelekezo yawe ya kutenda: chukua kizibo chekundu, weka hapa, chukua cha njano, weka pale, wanyamaze waendelee. Neema ataelewa sawasawa na wengine kwa sababu hukutegemea sauti yako. Amani mpe mkeka mdogo wake pembeni ya kundi mojawapo, vizibo vyake visivyoguswa na mtu. Akishapanga, kaa chini mbele yake, usawa wa macho yake bila kumlazimisha akuangalie, na anza kupanga mstari wako sambamba na wake. Hesabu polepole, moja, mbili, tatu. Usimdai arudie. Mtoto anayerudia tangazo la redio atarudia na hesabu siku yake ikifika.

Mabadiliko ndiyo yanayomvuruga, kwa hiyo mtayarishe. Kata boksi la katoni utengeneze kadi tatu: moja ina picha ya mkeka, moja vizibo, moja kikombe cha uji. Dakika chache kabla ya kubadilisha shughuli, mwonyeshe kadi inayofuata. Hakikisha una sehemu ya kutulia, mkeka kwenye kona iliyo mbali na mlango, na umfundishe sasa, kabla ya siku ya mkufunzi, kwamba akichoka anaruhusiwa kwenda pale. Wenzake wafundishwe kutomvuta mkono. Wamwonyeshe kadi au wasimame mbele yake wamsubiri. Watoto wa miaka mitano wanajifunza hili haraka kuliko sisi, na anayeuma kwa kuvutwa akiacha kuvutwa, mara nyingi huacha kuuma.

Vipindi vya awali ni dakika 20. Usijaze mambo mengi.

Mambo haya yote yaandike ndani ya andalio la somo, si pembeni. Sehemu ya zana, andika kadi za picha. Kwenye shughuli za mwalimu na mwanafunzi, andika Neema atakaa wapi na kwa nini, Amani atafanya nini wenzake wakiimba. Halafu mkufunzi akifika, kabla hujaingia darasani, mkabidhi andalio pamoja na lile daftari dogo. Mwambie kwa adabu kwamba kuna watoto wawili uliowapangia namna ya kushiriki na kwamba unaomba maoni yake kuhusu hilo. Mkaguzi anayejua nini cha kutazama ataona ualimu mahali ambapo mara ya kwanza aliona vurugu. Na kama Amani atatoka nje hata hivyo, itakuwa imeandikwa ufanye nini, nani amfuate na nani abaki na darasa.

Sasa chuo. Unasema hukuandaliwa, na nusu ya malalamiko yako ni ya haki. Kumfundisha mwanachuo aina, visababishi na viashiria, kisha kumtahini kwa kuorodhesha, kunamwacha akiwa anajua majina ya vitu asivyowahi kuvishika. Nimekuwa upande wa wakufunzi, nasema kwa uchungu: mwanachuo wa elimu ya awali hatakiwi kwenda BTP bila kwanza kukaa kwenye kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu akaona mwalimu mzoefu anavyowasalimia asubuhi. Anatakiwa awe amewasikia wazazi wakisimulia. Anatakiwa ajue salamu, rangi, namba na maneno ya chooni kwa Lugha ya Alama, afundishwe na kiziwi mwenyewe. Anatakiwa ajue kwamba mtoto akianguka kifafa analazwa ubavu, vitu vya hatari vinasogezwa, hakuna kinachowekwa mdomoni, na ikizidi dakika tano anakimbizwa hospitali. Anatakiwa ajue kuwa mtoto mwenye ualbino mara nyingi ana uoni hafifu, kwa hiyo kumkalisha mbele haitoshi kama jua la dirishani linampiga machoni. Hayo yote hayahitaji majengo mapya. Yanahitaji chuo kutoka nje ya geti lake.

Lakini ipo nusu nyingine. Unazungumza kana kwamba kuna ualimu wa watoto wadogo hapa, na ualimu wa watoto maalumu kule Tengeru, na wewe umepanda basi lisilo lako. Historia haisemi hivyo. Maria Montessori, ambaye mbinu zake zinafundishwa mpaka leo kwenye vyuo vya masista hapa nchini, alikuwa daktari, na alianza na watoto wenye ulemavu wa akili mjini Rome. Alichukua vifaa na mawazo ya madaktari wa Ufaransa, Itard na Séguin, waliowafundisha watoto ambao wengine waliwakatia tamaa. Watoto wake wale walipomwonyesha wanachoweza, ndipo Montessori akajiuliza kwa nini watoto wengine nao wasifundishwe kwa namna ile, na mwaka 1907 akafungua nyumba yake ya watoto mtaa wa San Lorenzo. Mbao za maumbo, kujifunza kwa kugusa: vitu tunavyoviita vya chekechea vilianzia kwa watoto wa aina ya Amani. Kumfundisha Amani ni kurudi kwenye chimbuko la kazi uliyoichagua.

Na hapa kwetu pwani tuna mfano wa namna mtu anavyoandaliwa. Mpango wa shule za awali za madrasa ulioanza Mombasa miaka ya 1980 ukiwa na Bi Swafiya Said, kisha ukafika Zanzibar na Uganda, uliwachukua mabinti na akina mama wa mitaa yenyewe, wengi bila elimu kubwa ya shule. Nguvu yake ilikuwa kwamba mkufunzi aliwafuata darasani mara kwa mara, akakaa nao, akawaonyesha, na zana zikatengenezwa kwa vifuu, makombe na mbegu. Wewe huna mkufunzi wa kukufuata kila wiki. Unaye yule mama mwenye miaka mingi kazini, na unayo daftari. Vitumie.

Ukirudi chuoni, ninyi mliotoka BTP mwombeni mkuu wa chuo mambo mawili kwa maandishi: ziara ya siku kadhaa kwenye shule yenye kitengo iliyo karibu, na kipindi kimoja kwa wiki cha Lugha ya Alama hata kama ni cha jioni. Afisa elimu maalumu wa halmashauri anajua vitengo vilipo na nani anaweza kuja kufundisha. Wale walioko Dar es Salaam wana Uhuru Mchanganyiko, ambako watoto wasioona, wenye ulemavu wa akili na wengine wanasoma shule moja na wenzao. Mwanachuo akikaa pale siku chache atatoka na mengi kuliko moduli nzima.

Kuhusu Patandi, usiende sasa. Maliza stashahada yako. Walimu wengi waliosomea elimu maalumu pale walifika wakiwa wameshafundisha, na hilo liliwasaidia, kwa sababu pale unaingia kwenye eneo, wasiosikia, wasioona au ulemavu wa akili, na kuchagua eneo bila kuwahi kufundisha ni kubahatisha. Fundisha kwanza. Ukikuta moyo wako unavutwa na akina Neema, utajua unataka kusomea nini. Tena nakuomba ujue jambo hili: tukimwachia Amani mtaalamu peke yake, atasubiri sana, kwa sababu shule zilizo nyingi hazina mtaalamu huyo. Zina mwalimu wa awali kama wewe. Yeye ndiye anayemwona mtoto kwanza, miaka ambayo msaada unazaa matunda makubwa zaidi.

Shangazi yako mjibu kwa upole, anakulipia ada na ana wasiwasi wa maisha yako. Hofu yake ya ajira ina msingi. Nafasi zinagombewa, na siku hizi walimu wanapita kwenye usaili wa Ajira Portal, mfumo wa serikali wa kuombea kazi. Lakini wa sekondari nao wanagombea, tena kwa wingi. Kuhusu heshima, sitakubaliana naye. Mwalimu wa sekondari anampokea mtoto ambaye mtu mwingine alishamfundisha kukaa, kusikiliza, kushika kalamu na kuamini kwamba shule ni mahali pake. Mtu huyo ndiye wewe. Siku akipata nafasi, mlete shangazi darasani kwako asubuhi moja, akae kwenye mkeka.

Jambo la mwisho ni la kufanya kabla BTP haijaisha, na nisingependa ulisahau katika pilika za ukaguzi. Wewe utaondoka, watoto watabaki. Andika ukurasa mmoja kwa kila mtoto: Amani anatulizwa na nini, anavurugwa na nini, kadi zake ziko wapi, Neema anasikia upande gani, amepelekwa wapi, ameambiwa arudi lini. Msome pamoja na mwalimu wa darasa, umwachie na boksi la vizibo. Cheti cha hospitali cha Neema kikipatikana, nakala yake akabidhiwe mwalimu mkuu, maana mwakani atakuwa darasa la kwanza mbele ya mwalimu asiyemjua, na bila karatasi hiyo ataanza tena kuitwa mzito.